Kiswahili Kilichobaki: Uhakiki wa Kipindi cha "The Changeling" kwa Jicho la Istilahi

Utangulizi

Makala haya yanahusu kipindi kimoja cha mfululizo wa televisheni wa Marekani uitwao Star Trek. Huenda baadhi ya wasomaji wa jarida hili wakashangaa kuona hadithi ya kubuni juu ya safari za angani inapewa nafasi katika kurasa ambazo kwa kawaida hujadili istilahi za benki, za sheria na za uvuvi. Tunawaomba wavute subira. Kipindi hiki kina mambo mawili yanayowahusu moja kwa moja wafasiri, walimu na watumishi wa serikali. Kwanza, ndani yake Kiswahili kinasemwa, na kinasemwa katika karne ya 23. Pili, anayekisema ni mtu ambaye maarifa yake yote yamekwisha kufutwa. Jambo hili la pili ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Kipindi chenyewe huitwa "The Changeling". Kiliandikwa na John Meredyth Lucas, kikaongozwa na Marc Daniels, na kilionyeshwa Marekani kwa mara ya kwanza tarehe 29 Septemba 1967. Mwaka huo una uzito wake kwetu. Mnamo Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Baada ya muda mfupi ikatoka Elimu ya Kujitegemea. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Na Bunge likapitisha Sheria Na. 27 ya mwaka 1967 iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa. Kwa hiyo, mwaka uleule ambao nchi yetu iliamua kwamba Kiswahili kitafanya kazi ya taifa, watazamaji wa Marekani walisikia lugha hiyohiyo ikisemwa katika chombo cha angani. Je, huko ilipewa kazi gani? Hilo ndilo swali letu.

Hakuna mtu hapa nchini aliyeweza kukiona kipindi hiki wakati huo. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara mwaka 1994. Sisi tunaofundisha Mgwashi, katika milima ya Usambara wilayani Lushoto, tuliufikia mfululizo huu kwa kuchelewa, kupitia kanda za video zilizopita mikono mingi. Lakini tumeufuata kwa miaka mingi na kwa mapenzi. Mapenzi hayo hayatuzuii kuukosoa, kwani asiyekipenda kitu hana haja ya kukitazama mara ya pili.

Muhtasari wa kipindi

Chombo kikubwa kiitwacho Enterprise, chini ya Kapteni Kirk, kinakuta kwamba mfumo wa sayari za Malurian, uliokuwa na watu bilioni 4, hauna tena dalili ya uhai. Kisha chombo hicho chenyewe kinashambuliwa. Mshambuliaji ni mtambo mdogo usiofikia kimo cha mtu, jina lake Nomad. Kwa mujibu wa hadithi, Nomad ulirushwa kutoka duniani mwanzoni mwa miaka ya 2000 na mtaalamu aliyeitwa Jackson Roykirk, kwa madhumuni ya kutafuta viumbe wengine. Safarini uligongwa na kimondo ukapotea, na huko ulikopotelea ukakutana na mtambo wa watu wengine, Tan Ru, ambao kazi yake ilikuwa kuchukua sampuli za udongo na kuua vijidudu vilivyomo. Mitambo hiyo miwili ikatengenezana na kuungana, na kazi zao zikachanganyika. Tangu hapo Nomad ukajiona umetumwa kutafuta vilivyo kamilifu na kuangamiza chochote chenye kasoro. Kwa kuwa jina la Kirk linafanana na mwisho wa jina la Roykirk, mtambo unamdhania Kapteni kuwa ndiye aliyeutengeneza, na kwa ajili hiyo tu unawaacha hai watu wa Enterprise.

Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano, yuko kazini akiimba. Nomad unausikia wimbo, unakuja, unataka kujua wimbo ni nini na una faida gani. Majibu hayauridhishi. Unaichota akili ya Uhura yote, kisha unaifuta. Fundi mkuu Scott anapojaribu kumwokoa anauawa. Baadaye mtambo unamrudishia Scott uhai kana kwamba unatengeneza saa iliyosimama, lakini haumudu kumrudishia Uhura maarifa yake. Daktari McCoy na muuguzi Chapel wanaanza kumfundisha upya. Mwishowe Kirk anaushinda mtambo kwa hoja: anauonyesha kwamba nao umekosea, na kwa sheria yake wenyewe chochote chenye kosa hakina budi kuangamizwa.

Uzuri na upungufu wa hadithi

Kama hadithi, kipindi hiki kimejengwa vizuri. Hofu yake haitokani na damu wala na majitu ya kutisha. Inatokana na sauti tulivu ya mtambo usio na chuki wala huruma, unaotumia maneno machache tu na kwa maana moja tu. Mwandishi ametambua kwamba neno lililotengwa na watu wanaolitumia linaweza kuwa silaha. Wazo hili lilipendwa hata filamu ya kwanza ya mfululizo huu, iliyotolewa mwaka 1979, ikalirudia kwa umbo kubwa zaidi: mtambo uliorushwa kutoka duniani unarudi ukimtafuta aliyeuunda.

Upungufu nao upo. Watu bilioni 4 wameangamia, na bado kipindi kinafungwa kwa mzaha. Aidha, Nomad unapotaja kasoro ya Uhura, jibu analopewa mtazamaji ni kwamba Uhura ni mwanamke, na mtambo unakubali kwamba fikra zake ni mkanganyiko mtupu. Watengenezaji walikusudia watu wacheke. Mzaha huo umezeeka vibaya, na hata siku ulipotungwa haukumstahili afisa ambaye kazi yake ni kuzichambua lugha na ishara za ulimwengu mzima.

Lakini upungufu mkubwa zaidi uko katika chumba cha wagonjwa.

Kiswahili cha Uhura

Tunamwona Uhura ameketi na muuguzi akisoma kitabu cha mtoto wa darasa la kwanza, chenye sentensi za mbwa na mpira. Anasoma Kiingereza kwa kuunganisha herufi. Anapokwama na kukasirika, anaropoka kwa Kiswahili. Somo linaendelea kwa Kiingereza, na mwisho wa kipindi tunaambiwa kwamba amekwisha kufikia kiwango cha chuo na kwamba katika muda wa wiki moja atakuwa kazini tena.

Hapa ndipo mantiki inapovunjika. Tumeambiwa kwamba Nomad umefuta maarifa yote. Ubongo ni mzima, lakini hauna kitu ndani. Kama ni hivyo, Kiswahili kimetoka wapi? Wapenzi wa mfululizo huu wana majibu mawili. Wa kwanza husema kwamba huenda muuguzi alianza kumfundisha kwa lugha ya mama ndipo akaingia katika Kiingereza. Jibu hili ni la huruma, lakini kipindi chenyewe hakilithibitishi. Hatumwoni mtu yeyote katika chombo akimfundisha Uhura lolote kwa Kiswahili. Wa pili husema kwamba lugha ya mama iko ndani zaidi kuliko kumbukumbu, hata mtambo hauwezi kuifikia, na kwamba hiyo ni heshima kubwa kwa Kiswahili.

Jibu hili la pili linavutia, na tunalielewa. Hata hivyo hatulikubali. Ukilitazama kwa makini utaona kwamba linakiweka Kiswahili mahali pamoja na kilio, kicheko na njaa, yaani mambo ambayo mtu huwa nayo bila kujifunza. Mtambo ulichota kila kitu ulichokihesabu kuwa maarifa, Kiswahili kikabaki. Tafsiri iliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba waliotunga hadithi hawakukihesabu Kiswahili katika maarifa. Kiswahili kilikuwa lugha ya kukasirikia, na Kiingereza kilikuwa lugha ya kujulia. Ndiyo maana safari ya kurudi katika utu wa Uhura inapimwa kwa Kiingereza peke yake.

Si mara ya kwanza. Katika kipindi kilichofungua mfululizo, "The Man Trap", kilichoonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe mwenye uwezo wa kujigeuza anamjia Uhura kwa umbo la mwanamume mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili ili amnase. Kwa hiyo, katika mfululizo ule wa kwanza wenye vipindi 79, mara mbili tunazozijua za Uhura kutumia Kiswahili ni hizi: mara moja katika ulaghai, na mara moja katika kupotewa na akili. Hatumwoni akipokea kwa Kiswahili taarifa ya hatari, wala akiandika ripoti ya zamu yake.

Haki itendeke. Mwaka 1967 ilikuwa ni jambo la ujasiri kumweka mwanamke mweusi katika chumba cha uongozi cha chombo hicho na kumpa lugha ya Kiafrika. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo na aliyefariki mwaka 2022, alifanya hivyo kwa heshima. Pia mambo yamesogea. Katika mfululizo mpya wa Strange New Worlds ulioanza mwaka 2022, Uhura ni kijana kutoka Kenya anayejua lugha 37, na ujuzi huo wa lugha unahesabiwa kuwa ujuzi wa kweli, unaookoa maisha ya wenzake. Ni hatua njema. Lakini hata huko lugha ya kuendeshea chombo bado ni ileile.

Jina si kazi

Jina la Uhura lenyewe lina fundisho. Msanii huyo alikuwa na riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962 iitwayo Uhuru alipokwenda kujaribiwa. Neno likapendwa, kisha irabu ya mwisho ikabadilishwa ili lisikike kuwa laini na la kike. Kila mwanafunzi wa sarufi yetu anajua kwamba Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwa irabu ya mwisho. Neno letu lilipokelewa, lakini sarufi yake iliachwa mlangoni.

Jambo la namna hiyo limetokea hata nje ya hadithi. Tarehe 12 Desemba 1970, katika jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilipewa jina Uhuru. Jina hilo limo katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote. Lakini mwalimu wa Lushoto au wa Malindi anayetaka kuwaeleza wanafunzi kwa Kiswahili ni nini Uhuru iligundua, na kwa njia gani, hana kitabu cha kushika mkononi.

Tuongeze mfano mmoja. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya Voyager, kila kimoja kikiwa na santuri ya dhahabu yenye salamu kwa lugha 55. Humo mna Kiganda na mna Kinyanja. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo mtambo wa kubuni ulikutana na msemaji wa Kiswahili, ilhali mitambo ya kweli imeondoka bila hata salamu yetu. Hatusemi hivi kwa kulalamika. Tunasema ili ionekane kwamba kusikika au kutosikika kwa lugha huko juu ni jambo la bahati. Kisichokuwa bahati ni kazi tunayoipa lugha hapa chini.

Kipindi hiki katika mikono ya mfasiri

Njia nzuri ya kupima kazi hiyo ni kujaribu kukisimulia kipindi chenyewe kwa Kiswahili. Tulilifanya zoezi hilo pamoja na walimu wenzetu wa Mgwashi, na matokeo yake yalitufundisha mengi. Upungufu wa maneno haukuwa tatizo kubwa kama tulivyotazamia. Tatizo lilikuwa wingi wa maneno yanayogombania nafasi moja.

(a) Muumba au muundaji. Nomad unamwita Kirk kwa neno ambalo wengi wetu tulilifasiri papo hapo kuwa "Muumba". Katika Kiswahili neno hilo ni la Mwenyezi Mungu, na kumwita mwanadamu hivyo ni kufuru. Wengine walisema hapo ndipo penye utamu wa hadithi, kwani mtambo unamwabudu aliyeutengeneza. Sisi tunapendekeza "muundaji". Kuunda ni kazi ya mafundi wa majahazi wa pwani, na neno "chombo", tunalolitumia leo kwa safari za angani, nalo limetoka baharini. Mwenye kuunda chombo ni muundaji. Heshima ya uabudu itajitokeza katika namna mtambo unavyolitamka.

(b) Kizio na upatanisho wa ngeli. Kila mtu kwa Nomad ni kitu kimoja cha hesabu. "Kitengo" ni cha ofisi; "yuniti" ni za umeme; "kizio" ndilo neno la vipimo, nalo linafaa. Na hapa Kiswahili kinafanya jambo ambalo Kiingereza hakiwezi. Tunasema "kiziwi huyu amefika", "kipofu yule anasoma". Yaani hata jina lenye kiambishi ki-, likiwa la mtu, hupewa upatanisho wa mtu. Nomad ukisema juu ya Uhura "kizio hiki kina kasoro", msikilizaji wa Kiswahili anasikia utu ukivuliwa kwa kiambishi kimoja tu. Hahitaji maelezo. Na anayeujibu mtambo kwa kusema "huyo ni mwanamke" anarudisha utu huo kwa neno "huyo", hata kabla hajamaliza sentensi. Mzaha tulioulaumu hapo juu, katika Kiswahili chema, unaweza kugeuka kuwa utetezi.

(c) Kutakasa, kutasisha, kuua vijidudu. Neno moja la Kiingereza linalotumika katika kipindi lina maana ya kuondoa vijidudu na pia ya kuondoa uwezo wa kuzaa, na Nomad unalitumia kwa maana ya tatu, kuua watu. Kwetu maana hizo zimegawanyika. Hospitalini vyombo hutakaswa. "Kutasisha" limetokana na tasa. Na "kutakatisha" limekwisha kuchukuliwa na sheria za fedha haramu. Tunapendekeza "kuua vijidudu" kwa kazi ya awali ya Tan Ru, na "kutakasa" kwa maneno ya Nomad yenyewe. Neno hilo lina harufu ya ibada, na mtambo huu unaua kwa imani kwamba unatenda jambo takatifu.

(d) Kosa, kasoro, hitilafu. Hili ni muhimu kuliko yote. Fundi husema mtambo una hitilafu. Kitu kina kasoro. Mtu hufanya kosa. Ushindi wa Kirk unasimama juu ya neno hilo. Anauambia mtambo kwamba ulimdhania yeye kuwa Roykirk. Kwamba haukuligundua jambo hilo. Na kwamba, kwa kutojiangamiza, umekosea mara ya tatu. Kama mfasiri ametumia "kasoro" kwa watu na "hitilafu" kwa mitambo, hoja nzima inaanguka, kwa kuwa Nomad unaweza kujibu kwamba wao hauna kasoro, una hitilafu tu. Enterprise ingelipuliwa kwa uzembe wa mfasiri. Tunapendekeza "kosa" litumike tangu mwanzo hadi mwisho kwa watu na kwa mtambo. Watumishi wa serikali wanaotafsiri mikataba watatambua kanuni hii: neno moja kwa dhana moja, katika waraka wote.

(e) Jina la kipindi. Kapteni mwenyewe anaeleza kwamba ni jina la mtoto wa viumbe wa hadithi za kale anayeachwa badala ya mtoto wa watu aliyeibwa. "Mtoto wa Kubadilishwa" litamfanya msomaji wa leo afikirie wodi ya wazazi. "Mwana wa Badala" ni fupi, na linaacha kitendawili bila kukifumbua.

Kutokana na zoezi hili tuliona kwamba Kiswahili kinaweza kukibeba kipindi chote, na mahali pengine kukiboresha. Sasa tuitazame shule.

Mtoto wa Mgwashi na kitabu cha mbwa

Mtoto wa Mgwashi huzaliwa katika Kisambaa. Anapoingia darasa la kwanza hukuta Kiswahili. Kwa miaka yake ya shule ya msingi hujifunza kueleza usanisinuru, mmeng'enyo wa chakula na mvukizo kwa maneno ambayo wataalamu wetu waliyatafuta kwa jasho. Kisha huingia kidato cha kwanza, ambako lugha ya kufundishia hadi leo ni Kiingereza. Siku hiyo kijana anayeweza kueleza jinsi jani linavyojitengenezea chakula huwekewa mbele yake sentensi za mbwa na mpira. Hakuna mtambo uliomfuta akili. Ni hesabu yetu tu iliyosema kwamba alichokijua kwa Kiswahili si maarifa mpaka kisemwe upya.

Hiyo ndiyo sababu hatuwezi kuwacheka watunzi wa 1967. Walikosea kwa kutojua. Lugha ile waliisikia kwa mbali. Sisi tunaijua. Baraza, vyuo na walimu wameunda istilahi kwa maelfu, na orodha za Tafsiri Sanifu zilianza kutolewa tangu miaka ya 1970. Istilahi isiyofundishiwa hubaki katika orodha kama Kiswahili cha Uhura kilivyobaki chumba cha wagonjwa: ipo, haijafutwa, na haina kazi.

Kuna watakaosema kwamba Kiingereza ni mlango wa dunia na kwamba hakuna mzazi wa Usambara atakayekubali mwanawe anyimwe ufunguo. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatupingi kijana kujifunza Kiingereza vizuri. Lakini kujifunza lugha ni jambo moja, na kuifanya iwe kipimo cha maarifa yote ni jambo jingine. Uhura alipaswa kujifunza Kiingereza upya ili afanye kazi na wenzake. Hakupaswa kuhesabiwa mtupu wakati alikuwa anasema.

Hoja hii ina makali upande wa pili pia. Kama tunadai Kiswahili kihesabiwe kuwa maarifa mbele ya Kiingereza, hatuwezi kukitendea Kisambaa kama kelele mbele ya Kiswahili. Neno "kitivo", ambalo vyuo vikuu vyetu hulitumia kwa mgawanyo wao mkubwa wa taaluma, limetoka katika Kisambaa na Kipare, ambako ni ardhi yenye rutuba, kama ile ya mabondeni chini ya milima yetu. "Ngeli", ambalo hakuna mwalimu wa sarufi anayeweza kufundisha bila hilo, limetoka Kihaya. Lugha hizi hazikufa kwa kutoa, zilihesabiwa.

Tutoe mfano unaohusu kipindi chetu. Wasambaa husema "kuzifya shi" kwa maana ya kuitengeneza nchi, yaani kuleta mvua, mazao na amani. Na "kubana shi" kwa maana ya kuiharibu. Mwanahistoria Steven Feierman alizijadili dhana hizi mbili katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wanafikra wakulima wa Usambara. Msemaji wa Kiswahili aangalie hapa, kwani "bana" ya Kisambaa si "bana" ya kubana mlango. Sasa tazama Nomad. Tan Ru ulitumwa kuchukua udongo na kuua kilichomo. Nomad ulidhani kuondoa kila kosa ndiko kutengeneza. Mzee wa Usambara asiyejua chochote cha vyombo vya angani angeuelewa mtambo huo kwa sentensi moja: ulisema unaizifya nchi, kumbe unaibana. Dhana hiyo ni kali kuliko nyingi tulizozikuta katika kipindi chenyewe, na iko katika lugha ambayo watoto wetu huambiwa waiache nje ya darasa.

Hitimisho

"The Changeling" ni kipindi chema chenye kosa moja kubwa, nalo ni kukifanya Kiswahili kiwe kitu kinachobaki maarifa yakishaondoka. Kosa hilo halisahihishwi kwa kudai Kiswahili kisikike zaidi katika televisheni za wengine. Linasahihishwa kwa kazi. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu:

1. Wafasiri wachukue hadithi za kubuni za sayansi, fupi na ndefu, wazifasiri kwa Kiswahili. Hadithi hulazimisha istilahi ikae katika sentensi, ikubali upatanisho, ikasirike na ikafanye mzaha. Orodha peke yake haiwezi kulifanya hilo.

2. Kila orodha mpya ya istilahi itolewe pamoja na aya chache zinazozitumia, ili mgongano wa maneno kama "kosa", "kasoro" na "hitilafu" ugunduliwe kabla haujafika mahakamani au hospitalini.

3. Walimu wa shule za msingi katika maeneo kama yetu wakusanye dhana za lugha za wenyeji na kuzileta mbele ya Baraza, zikiwa na maelezo ya matumizi yake, kwa kuwa wao ndio wanaozisikia kila siku.

Mapendekezo yetu ya maneno, hasa "muundaji" na "Mwana wa Badala", hayajafungwa. Tungefurahi kuyaona yakipingwa kwa hoja katika matoleo yajayo.